PUMZI NA DAMU: Kumwangalia Mgonjwa Asiyeweza Kulala

Katika nyanda za juu za Kinangop, mahali penye baridi kali usiku, alikuwako mama mmoja mkulima wa viazi ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka sitini. Mchana wapita njia walimkuta ameketi mlangoni pake akichagua mbegu za viazi, akiitikia salamu za kila mtu, wala hapana aliyedhani ya kuwa ni mgonjwa. Shida yake ilianza usiku. Kila alipojinyosha kitandani kifua kilimbana, kikohozi kikamshika, ikampasa kuinuka upesi na kuketi ukingoni mwa kitanda mpaka pumzi zimrudie. Kwa muda wa majuma matatu alilala ameketi, mgongo wake umeegemea ukuta. Miguu nayo ilivimba, hata viatu vyake vya kwendea kanisani vikakataa kuingia.

Watu wa nyumba yake hawakumtupa. Mkaza mwanawe alifunga dirisha, akaziba nyufa zote kwa matambara ili baridi isimpate mgonjwa, akaleta jiko la makaa chumbani na kuliacha liwake usiku kucha. Mumewe, mzee aliyeamini ya kuwa mgonjwa hapati nguvu ila kwa chakula, alichinja mbuzi, akaagiza supu ya mifupa yenye chumvi ya kutosha, akasimama pale pale mpaka bakuli likaisha. Jirani mmoja, mwanamke mwenye mikono hodari, alikuja kila jioni kumkanda miguu kwa mafuta. Na walipomwona ameketi usiku wa manane walimsihi alale kama wagonjwa wengine walalavyo, hata wakamwondolea mito.

Matendo hayo yote yalikuwa ya upendo. Lakini karibu kila moja lilimsogeza mama yule karibu zaidi na kaburi, na sababu zake zafaa kujulikana na kila mtu aliye na mgonjwa nyumbani.

Jumamosi moja mwanawe, aliyekuwa karani katika mji wa Nakuru, alifika kuwasalimu wazazi wake. Alipoingia chumbani aliona hewa ni nzito, akafungua dirisha kabla hata ya kuketi, jambo lililomkasirisha mke wake kidogo.

"Mama, tangu lini hulali?" aliuliza.

"Nalala, mwanangu, ila nalala nimeketi."

"Na ukilala chali?"

"Nikilala chali nazama."

Yule karani alitambua jambo jingine. Mama yake, ambaye alizoea kusimulia habari ndefu bila kupumzika, sasa alikatiza maneno yake katikati ili avute pumzi. Alimshika mkono kama mtu anayemfariji, akatazama saa yake, akaanza kuhesabu.

Neno alilosema mama yule, kwamba anazama, lilikuwa la kweli kuliko alivyodhani mwenyewe. Watu wa nyumbani waliuona ugonjwa kuwa ni wa kifua, kwa sababu kikohozi hutoka kifuani. Kumbe kifua kilikuwa kinaumia kwa kosa la jirani yake, yaani moyo. Ili kulifahamu jambo hili yafaa kujua jinsi pumzi na damu zinavyofanya kazi moja.

Moyo wa mtu mzima ni mkubwa kadiri ya ngumi yake, nao hupiga mara 100,000 hivi kwa siku moja. Ndani yake mna pampu mbili zilizoshikamana. Pampu ya upande wa kuume hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuipeleka mapafuni. Huko damu huacha hewa chafu, huchukua hewa iitwayo oksijeni, kisha hurudi katika pampu ya kushoto, ambayo huisukuma mpaka utosini na mpaka vidole vya miguu. Mtu mzima ana damu kadiri ya lita 5. Naye akiwa amepumzika, moyo wake husukuma karibu lita 5 kila dakika. Basi pumzi bila damu ni kama ghala lililojaa chakula lisilo na gari la kukichukua, na damu bila pumzi ni kama gari tupu liendalo mbio.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Kwa muda wa miaka zaidi ya elfu moja waganga wa Ulaya na wa nchi za Waarabu walifuata mafundisho ya Galen, mganga Myunani, aliyesema ya kuwa damu hutengenezwa na ini na kumalizika mwilini kama maji yanywewayo na udongo. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, mganga aliyesoma Damascus na kufanya kazi Cairo, aliandika ya kuwa damu hutoka upande wa kuume wa moyo, hupita katika mapafu, ndipo hufika upande wa kushoto. Kisha mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alitoa kitabu chake kilichoonyesha ya kuwa damu ya mwili mzima huzunguka. Hoja yake moja ilikuwa ya hesabu tu, nayo ingempendeza karani yeyote: alikadiria damu itokayo moyoni kwa kila pigo, akaizidisha kwa mapigo ya nusu saa, akaona imekuwa nyingi mno kuliko chakula chochote kiwezacho kuitengeneza. Basi lazima iwe ni damu ile ile, inakwenda na kurudi.

Mkulima aliyewahi kuchimba mfereji ataelewa upesi yaliyompata mama wa Kinangop. Mfereji ukizibwa upande wa chini, maji hayasimami tu. Hurudi nyuma na kufurika shamba la juu. Pampu ya kushoto ya moyo ikilegea, damu itokayo mapafuni haipati njia ya kutosha. Hurundikana katika mishipa ya mapafu, na maji yake hupenya na kuingia mahali palipowekwa kwa ajili ya hewa. Hapo ndipo mgonjwa huanza kukohoa na kutweta. Pampu ya kuume nayo ikichoka, damu hurundikana mwilini, na maji hushuka miguuni kwa kuwa ndiko chini. Ukibonyeza kwa kidole juu ya kifundo cha mguu, kishimo hubaki kwa muda kama katika unga uliokandwa.

Sasa yaweza kuonekana kwa nini kumlaza chali kulikuwa adhabu. Mgonjwa akiwa ameketi, maji hukaa miguuni na sehemu za chini za mapafu, nazo sehemu za juu hubaki na nafasi ya kupumua. Akilazwa, maji ya miguuni hurudi kifuani yote pamoja, na mapafu huloa. Mgonjwa wa namna hii asilazimishwe kulala. Aketishwe, mgongo wake uegemezwe mito au gunia lililojazwa majani makavu, mikono yake iwekewe mto mwingine mapajani ili mabega yapumzike, na akiona vyema miguu ining'inie. Yeye mwenyewe huujua mkao unaomfaa kuliko wote wanaomzunguka.

Chumvi nayo huyashika maji mwilini. Kila bakuli la supu ile nzito liliongeza mzigo juu ya pampu iliyokwisha kulemewa. Hata kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai kwa chakula chote cha siku hiyo, pamoja na ile iliyomo katika mkate na vyakula vya dukani. Mzee hakukosea kumpa mkewe nyama na mboga. Alikosea katika chumvi, na katika kumlazimisha kumaliza bakuli, kwa maana tumbo lililojaa husukuma mapafu kutoka chini. Chakula kidogo mara nyingi hufaa zaidi.

Ama jiko la makaa katika chumba kilichozibwa, hilo ni jambo la kutisha kabisa, wala si kwa wagonjwa peke yao. Makaa yawakayo penye hewa haba hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kazi yake ni kuchukua oksijeni, huishika sumu hii kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko zinavyoishika oksijeni yenyewe. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, husinzia, na huenda asiamke tena. Katika sehemu za baridi za Kenya jamaa nzima wamewahi kukutwa wamekufa asubuhi, jiko likiwa katikati ya chumba. Kama ni lazima kupasha chumba moto, jiko na litolewe nje kabla ya watu kulala, na mgonjwa afunikwe blanketi zaidi. Dirisha lifunguliwe kidogo. Baridi haiui upesi kama makaa yauavyo.

Kazi ya yule jirani mwenye mikono hodari haikumdhuru mama sana safari hii, kwa sababu miguu yote miwili ilikuwa imevimba kwa maji. Lakini mguu mmoja peke yake ukivimba, ukauma kwenye nyama ya nyuma, ukawa na moto, hasa kwa mwanamke aliyejifungua karibuni au kwa mtu aliyekuwa amelala kitandani siku nyingi, usikandwe hata kidogo. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na donge hilo likisukumwa hupanda na damu mpaka moyoni, na kutoka hapo huziba mishipa ya mapafu. Mtu aweza kuanguka na kufa kwa dakika chache. Mguu wa namna hiyo ni wa kupelekwa hospitali siku ile ile.

Turudi kwa karani na saa yake. Alifanya jambo lililo rahisi, ambalo hata hivyo wengi hulifanya vibaya. Aliweka vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya kidole gumba cha mama yake, mahali mshipa upigapo karibu na kifundo cha mkono. Hakutumia gumba lake, kwa sababu gumba lina mshipa wake mwenye nguvu, na mtu aweza kuhesabu mapigo yake mwenyewe. Alihesabu dakika nzima. Mapigo ya mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100. Ya mama yalikuwa 118, tena hayakwenda sawasawa. Yalikimbia, yakasita, yakakimbia tena.

Kisha, bila kuuachia mkono, akahesabu pumzi. Hiyo ndiyo hila ya wauguzi: mgonjwa akijua ya kuwa pumzi zake zinahesabiwa hubadili namna ya kupumua bila kukusudia, lakini akidhani mtu bado anahesabu mshipa hupumua kama kawaida. Kifua kikiinuka na kushuka, hiyo ni moja. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mama alipumua mara 32. Pumzi za mtu mzima zikifika 30 ni ishara ya hatari. Hatari huonekana pia iwapo mgonjwa hawezi kumaliza sentensi moja, iwapo pua zinatanuka na nyama za shingo zinavutika kila avutapo hewa, iwapo anatokwa na jasho la baridi, au anakohoa povu lenye rangi ya damu, au anaanza kuchanganyikiwa. Katika watu weusi haifai kutafuta rangi ya samawati usoni, kwa kuwa haitaonekana vyema. Na utazamwe ulimi, na upande wa ndani wa midomo, na kucha.

"Twende hospitali usiku huu," alisema karani.

Mzee hakukubali mara moja. Alikuwa na rafiki yake mjuzi wa mitishamba, akaona yafaa aitwe kwanza. Katika jambo hili mzee asichekwe, kwa sababu moja ya dawa za moyo zilizo mashuhuri ulimwenguni ilitoka katika mitishamba ya bibi kizee mmoja wa Shropshire, Uingereza. Bibi huyo alikuwa na dawa ya siri ya watu waliovimba mwili, yenye majani ya namna nyingi. Daktari William Withering alisikia habari zake mwaka 1775, akachunguza, akaona ya kuwa jani lenye nguvu lilikuwa moja tu, la ua liitwalo foxglove. Kwa miaka kumi aliwapa wagonjwa, akaandika kila lililotokea, mema na mabaya, na mwaka 1785 akatoa kitabu. Jambo kubwa alilofundisha lilikuwa juu ya kipimo: kidogo huutuliza moyo, kikizidi kidogo tu huusimamisha. Dawa ya jamii hiyo, dijoksini, hutolewa na madaktari mpaka leo, kwa kipimo cha sehemu ndogo mno za gramu. Hilo ndilo pungufu la jani lichemshwalo katika sufuria. Hapana ajuaye nguvu iliyomo katika kikombe kile, wala itapigana namna gani na vidonge vya hospitali.

Yaliyomshinda mzee hayakuwa maneno ya mwanawe bali uso wa mkewe. Gari la kuchukua viazi lilipatikana kwa jirani. Mama hakulazwa nyuma kama mzigo. Aliketishwa mbele karibu na dereva, kioo kimefunguliwa kidogo, na vidonge vyote vilivyokuwamo nyumbani vikachukuliwa katika mfuko. Jambo hili la mwisho halikosi faida. Daktari akiviona vidonge vya zamani huokoa muda wa maswali mengi.

Nao mfuko ulitoa siri. Ndani yake mlikuwamo paketi ya dawa za shinikizo la damu, iliyotumika nusu. Miaka minne nyuma mama aliambiwa katika zahanati ya kuwa ana presha, akapewa dawa, akazimeza kwa mwezi mmoja, akajiona mzima, akaziacha. Wanaofanya hivyo ni wengi, wakiwamo watu waliosoma. Shinikizo la damu haliumi. Mtu hulima, hucheka, hula vizuri, na wakati huo huo moyo wake unasukuma damu kwa nguvu isiyo kiasi, mwaka baada ya mwaka, mpaka misuli yake hunenepa kisha huchoka. Kipimo cha kawaida huwa karibu na 120 juu ya 80. Kikifika 140 juu ya 90 au zaidi katika siku mbalimbali, huo ni ugonjwa, na dawa zake ni za kila siku. Mtu akijiona mzima huku anazitumia, ni dawa zinazofanya kazi. Haina maana ya kuwa hazihitajiki tena. Kipimo cha mama usiku ule kilikuwa 190 juu ya 110.

Mwuguzi wa zamu alimbana kidole kwa kijichombo kidogo chenye taa nyekundu. Chombo hicho huonyesha damu imebeba oksijeni kwa kadiri gani katika mia, bila kumtoa mtu hata tone. Ufundi wake ulivumbuliwa huko Japani na Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970, na watu wengi wa Kenya walikijua mara ya kwanza wakati wa ugonjwa wa Korona, mwaka 2020. Mtu mzima wa afya hupata 95 au zaidi. Akaaye milimani aweza kupungua kidogo kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Chini ya 90 ni hatari. Mama alikuwa na 84. Walakini chombo hicho kina upungufu mmoja ambao wenye majiko ya makaa wafaa kuujua: hakiwezi kutofautisha damu iliyoshika oksijeni na damu iliyoshika sumu ya makaa. Aliyeathiriwa na moshi huo aweza kuonyesha 98 naye anakufa.

Alivishwa mirija midogo puani ya kuletea oksijeni, akadungwa sindano ya dawa iondoayo maji kwa njia ya mkojo. Walimwekea chombo karibu ili asitembee, na kila kilichotoka kilipimwa na kuandikwa, vivyo hivyo kila alichokunywa. Karani wa Nakuru aliliona daftari lile akafurahi, kwa maana aliona hesabu ya mwili ikitunzwa kama hesabu ya fedha. Kabla ya mapambazuko alikuwa ametoa maji zaidi ya lita 2. Kipimo cha kidole kilifika 94. Akalala, mto mitatu mgongoni, usingizi wa kwanza wa kweli katika majuma matatu.

Wakati huo huo, katika benchi lililokuwa karibu na mlango, msichana mmoja alikuwa amempakata mtoto wa miezi minane. Mtoto hakulia wala hakunyonya. Mwuguzi aliinua shati lake, akahesabu kwa dakika moja: pumzi 64. Nyama ya chini ya mbavu ilivutika ndani kila mtoto alipovuta hewa. Huo ulikuwa ni ugonjwa wa mapafu, uitwao kichomi, nao huua watoto wengi kwa sababu wazazi hungoja kikohozi kiishe chenyewe. Hesabu zake zafaa kuandikwa ukutani nyumbani. Mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika; wa miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 au zaidi; wa mwaka mmoja mpaka mitano, pumzi 40 au zaidi. Mtoto anayekohoa akifika hesabu hizo akiwa ametulia, apelekwe kwa mganga siku hiyo. Na ikiwa kifua kinavutika ndani, au hawezi kunyonya, au anasinzia isivyo kawaida, apelekwe saa hiyo hiyo. Vidonge vya amoksilini humponya mtoto mwenye kichomi kisicho kikali. Kilicho kikali chataka sindano na oksijeni. Mtoto asipewe dawa iliyobaki ya ndugu yake. Yule wa miezi minane aliwahiwa.

Pumu ni habari nyingine. Hapo njia za hewa hujibana, na pumzi hutoka kwa mlio kama filimbi. Dawa ya kuvuta kwa kinywa huzifungua upesi, na mtoto asiyeweza kuivuta vyema husaidiwa kwa chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa chini kwa kadiri ya mdomo wa kile chombo cha dawa. Mtu wa pumu ambaye mlio wa kifua umenyamaza ghafula naye bado anahangaika, hajapona. Hewa imekoma kupita.

Mama wa Kinangop alikaa hospitali siku tisa. Alipotoka alipewa vidonge vya namna tatu na maagizo ambayo mkaza mwanawe aliyaandika katika daftari la shule. Huyu ndiye aliyekuwa mwuguzi hasa tangu siku ile. Chumvi aliipima kwa kijiko asubuhi, na ikiisha imekwisha. Wageni, ambao kwa desturi hujaa chumbani na kumtaka mgonjwa asimulie ugonjwa wake tangu mwanzo, aliwakaribisha uani kwa chai, akawaingiza wawili wawili. Mzee alinung'unika ya kuwa anawafukuza watu, lakini yeye mwenyewe alinywa supu isiyo na chumvi pamoja na mkewe, na hilo si jambo dogo kwa mzee wa umri wake.

Agizo moja liliwashangaza wote. Mama alitakiwa apimwe uzito kila asubuhi, akiisha kwenda haja na kabla ya kula, kwa maana maji hurudi mwilini siku kadhaa kabla kikohozi hakijarudi, na mizani huyaona kabla ya macho. Uzito ukiongezeka kilo 2 au zaidi katika siku tatu, arudi hospitali bila kungoja kuumwa. Nyumbani hapakuwa na mizani ya watu. Lakini ghalani mlikuwamo mizani ya kupimia magunia ya viazi. Mzee akaisafisha, akaijaribu kwa mawe ya kupimia, akaona ni sawa.

Tangu hapo kila alfajiri mama alipanda juu ya mizani ile, amevaa kanga moja tu na koti juu ya mabega, ambalo alilivua kwa kusitasita kwa sababu ya baridi, na mjukuu wake wa darasa la tano akasoma na kuandika. Kwa muda wa majuma matano hesabu haikubadilika sana. Jumatatu ya juma la sita ilikuwa kilo 61 na nusu. Jumanne 62. Alhamisi mjukuu alisoma mara mbili, akamwita babu yake naye asome: 64.

Mama hakuwa na kikohozi. Usiku alikuwa amelala vizuri, na viatu vya kanisani viliingia, ijapokuwa kwa taabu kidogo. Mkaza mwanawe alimwuliza kama anajisikia vibaya, naye akasema hapana. Kisha akalichukua daftari, akalifunga katika leso pamoja na vidonge vyake, akaenda barabarani kungoja gari.